Supu ambayo sikuihesabu

Jumapili, saa tisa alasiri. Mvua nyembamba tangu asubuhi, ile ya Brussels ambayo hainyeshi kweli wala haikatiki. Nimekaa kwenye kiti cha korido, hospitalini Jette, koti bado mwilini. Wauguzi wanambadilishia mama shuka, nimeambiwa nisubiri. Naandika kwenye simu kwa sababu nikikaa bure nitalia, na nikilia watanipa pole nisiyostahili.

Mama ana miaka sabini na minne. Moyo wake umechoka kusukuma damu, ndiyo maana daktari alimwekea kipimo: lita moja na nusu ya vinywaji kwa siku, basi. Ikizidi, maji yanabaki mwilini, miguu inavimba, mapafu yanajaa. Anaishi kwangu, mimi ndiye ninayemtunza. Tena kutunza ndiyo kazi yangu, mwaka wa kumi na moja sasa, kwenye nyumba ya wazee kule Uccle. Ndugu zetu wa Bukavu wanasema mama ana bahati.

Bahati gani.

Baridi ilipoanza, mama aliacha kula. Pondu ya majani ya muhogo hataki, samaki hataki, anajikunyata tu kando ya hita. Ndipo Madame Lin, jirani yangu Mchina wa ghorofa ya chini, aliponifundisha supu ya dawa wanayopika kwao msimu huu. Mifupa ya kuku, tangawizi, tende nyekundu kavu, vitunda vya goji vinavyoingia mwishoni, na vipande vya mzizi wa njano vinavyofanana na vile vijiti vya daktari vya kukandamizia ulimi. Moto mdogo, saa tatu nzima. Mzizi wenyewe hauliwi, nguvu yake yote imeshaingia kwenye maji. Mapishi yake niliwaandikia hapahapa kwenye ukurasa wangu, nanyi wasomaji mkanipongeza.

Madame Lin alisema kibakuli kimoja, tena si kila siku. Mimi kwa ujuaji wangu nikaona vitatu ndiyo vitamrudisha mama upesi. Asubuhi kimoja kabla sijatoka, cha mchana namwachia kwenye chupa ya chai, cha jioni nampa mwenyewe. Wiki tatu.

Na nilijiona mwangalifu. Chumvi sikutia hata punje. Kwenye friji nimebandika karatasi niliyoichora mistari kwa mkono wangu: maji, chai, maziwa. Kila glasi inaandikwa. Supu sikuiandika hata siku moja. Kwetu mchuzi wa kuku si kinywaji, ni chakula. Unampa mgonjwa, unampa mwanamke aliyetoka kujifungua, unampa mzazi wako. Nani anapima chakula cha mama yake?

Alhamisi mama alishindwa kulala chali. Ijumaa ikaja ambulensi. Daktari akauliza anakunywa kiasi gani, nikampa ile karatasi kwa majivuno. Akaisifu. Halafu akasema kama vinywaji ni hivyo tu, basi ni moyo wenyewe umezidi kushindwa, na ingefaa niwaite ndugu zangu. Nikampigia kaka. Sijawahi kumsikia kaka yangu akilia.

Jana nilikwenda kazini. Kabla ya chakula cha mchana tunawapa wazee potage, ile supu ya mboga, na wenye kipimo tunawaandikia: mililita mia mbili. Nafanya hivyo kila siku ya kazi. Jana nilikuwa nimeshaandika mia mbili ya mzee mmoja wakati mkono ulipogoma katikati ya karatasi.

Mia mbili. Mara tatu. Na bakuli la nyumbani kwangu ni kubwa zaidi.

Ningeweza kupiga simu hospitalini palepale. Sikupiga. Nakiri hapa ili nione haya: siku nzima nilinyamaza huku madaktari wakitafuta sababu ya kitu nilichokipika mimi. Niliogopa waseme, mhudumu mzima! Nilimwogopa kaka. Nilijiogopa.

Saa kumi na nusu. Nimesema.

Daktari wa zamu ni binti mdogo kuliko mimi. Hakunifokea. Aliuliza bakuli lina ukubwa gani, nikamwonyesha kwa viganja, akaandika. Akataka na jina la ule mzizi wa njano, nikampigia Madame Lin anitajie. Anasema habari hii inasaidia, watabadilisha dawa ya kutoa maji, lakini moyo umebeba mzigo huo wiki tatu na hawezi kuniahidi kitu. Heri angefoka.

Nikaingia kwa mama. Ana mpira wa oksijeni puani. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamweleza yote, naye akanisikiliza macho ameyafumba.

"Nilikuwa naona miguu inavimba," akasema. "Na ile supu haikukuwa hata na utamu."

"Sasa juu ya nini ulikuwa unakunywa, maman?"

"Unatoka ku kazi, hauyatosha hata manteau, koti iko bado ku mwili, unaenda juu ya moto. Kisha unasimama pale, unaniangalia. Bon, ningekatala namna gani?"

Alikuwa anaona, na alikuwa anameza, ili mimi nisiumie.

Yale mapishi nimeyafuta. Aliyekwisha kuyanakili na ana mgonjwa wa moyo nyumbani, tafadhali amuulize daktari kwanza, na ajue kwamba supu ni maji. Iandikeni.

Sasa amelala, ameegemezwa kwenye mito, mdomo wazi. Nahesabu pumzi zake kwa kuwa sijui nifanye nini kingine. Kesho nitakuja mikono mitupu. Nitaweza kweli kukaa mbele ya mama yangu bila kumpa kitu?