Zile Siku Nne za Bumula

Kitale,
7 Machi 2021.

Kaka yangu mpendwa Wekoye,

Mulembe. Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini joto la Doha halijakuzidi na ile kazi ya ulinzi bado unayo. Sisi huku tunapumua, na hilo siku hizi ni la kushukuru. Barua hii nimempa Jerono, jirani yangu anayekuja huko kutafuta riziki. Ningekupigia simu, lakini kila nikisikia sauti yako ulimi unakuwa mzito.

Shemeji yako Ngige alirudi kufundisha Januari. Mwaka jana shule yao ilipofungwa, mwenye shule alijaza kuku madarasani, naye Ngige akaenda kufyatua matofali karibu na Kipsongo. Alikuwa akirudi viganja vimechubuka. Kwangu sare za shule zilikosa wateja, nikashona barakoa, zikaenda sana. Mtoto wetu Ian alifurahia likizo mwezi mmoja tu, kisha kila asubuhi akawa anauliza shule zitafunguliwa lini. Lakini usidhani mwaka wote ulikuwa wa machozi. Kuna jioni tulikula sote pamoja tukacheka, jambo ambalo hatukuwa tumelizoea.

Sasa nikueleze kuhusu Baba.

Unajua mdogo wetu Phelista alipofunga kibanda chake cha chakula pale Kanduyi, alirudi Bumula kukaa na mzee. Ni yeye aliyemfulia na kumsongea ugali wa wimbi. Baba alianza kukohoa Jumatatu moja ya Julai, akafariki Ijumaa. Wewe uliambiwa kwamba Phelista alimficha ndani siku nne. Siku ya mazishi tulikuwa watu kumi na watano tu, kama serikali ilivyoagiza. Ulipiga simu, mjomba Walubengo akaiweka sauti ya juu. Ulisema Phelista amemuua baba yako na hutaki kumwona tena. Sote tulisikia. Yeye alitazama chini. Baadaye wazee walimwambia aondoke bomani, akarudi Kanduyi kupanga chumba. Tangu siku hiyo hujapokea simu yake.

Kaka, Phelista hakumficha Baba.

Jumanne asubuhi alinipigia, akasema mzee anapumua kwa shida na tayari amepata gari la kumpeleka hospitali. Aliniuliza kwa sababu mimi ni mkubwa wake. Nilimkataza. Wiki iliyotangulia, watu wenye mavazi meupe walikuwa wamemchukua mama mmoja ploti ya jirani, na tangu hapo hakuna aliyenunua hata sukuma wiki kwa watoto wake. Nilimwambia Phelista, “Wakimchukua hatutamwona tena. Na mimi hapa, nani atagusa kitu nimeshona?” Nikamwambia amchemshie mwarobaini, amfukize. Alinipigia tena Jumatano, na tena Alhamisi akilia. Nikamwambia asubiri.

Ijumaa hakuniuliza. Alimpakia Baba kwenye bodaboda, akamshikilia kwa nyuma hadi hospitali. Baba alikata roho kabla hajapewa kitanda.

Majibu ya vipimo yaliletwa kwenye simu yangu baada ya mazishi. Haikuwa korona. Ilikuwa nimonia, na daktari aliniambia kwamba Baba angefika Jumanne, huenda sindano zingemponya. Sikumwambia mtu yeyote. Na siku ile ya kaburi nilikuwa hatua mbili kutoka kwa simu ya mjomba. Nilisikia ukimlaani mdogo wetu, nikashukuru kwamba uso wangu umefunikwa.

Mwezi jana nilikwenda Kanduyi, nikamuuliza kwa nini hajakwambia. Alikuwa akimenya viazi, hakuinua kichwa. Alisema, “Hayo ni yako, dada. Mimi siwezi kukusemea.”

Jumamosi ijayo nimewaita wazee Bumula, niyaseme haya mbele yao. Ngige hajui bado. Atajua siku hiyo hiyo.

Ukimaliza kusoma usinipigie mimi. Mpigie Phelista. Namba yake hajaibadilisha.

Ian anakusalimu, anasema amekuzidi urefu. Mungu akulinde huko uliko.

Ni mimi dada yako,
Agneta