Miaka Saba ya Studio, Siku Saba za Khamis

Kwako Seif, uliyekuwa mchumba wangu,

Nakuandikia nikiwa mke wa mtu. Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu kwenye karatasi ya pembeni kabla ya kuileta hapa, kwa raha ya kuiona tu. Leo ni siku ya tano ya fungate. Nimekaa kitandani, hapa hapa Vitongoji, mikono ina hina mpaka vifundoni, asumini zimetapakaa kwenye mto, na mume wangu Khamis yuko ukumbini ananichambulia miba ya samaki changu, kwa sababu asubuhi nilimwambia kwa mzaha kwamba miba inanitisha. Mwanamume mzima, fundi umeme, amevaa miwani yake na anamchambua samaki kama anayefungua redio ya watu! Bi Mwanaidi, somo yangu, anamkaripia: "Khamis, ondoka hapo, hiyo kazi yangu mie!" Naye anamjibu bila kuinua macho, "Kazi yako kumfundisha, Bi Mwanaidi. Kumlisha niachie mwenyewe." Namwona kupitia mwanya wa mlango, na moyo unanijaa mpaka nataka kulia.

Sikukusudia kukukumbuka wiki hii. Umejileta mwenyewe. Dada yako Zuhura alikuja jana kumtazama bibi harusi, akala, akanisifia hina, kisha akatoa simu akanisikilizisha sauti yako. Ulisema hivi: "Zuhura, nimepata kipindi redioni huku Dar es Salaam. Kila Ijumaa nitasimulia historia ya ile studio kubwa ya filamu ya Marekani. Nimewaambia nimeifanyia utafiti miaka saba. Sasa nenda kwa Maryam ukanichukulie daftari langu. Mwambie akilitoa upesi nitamtaja hewani."

Zuhura hakuweza kuniangalia. Mimi nilicheka, Seif. Nilicheka mpaka Bi Mwanaidi akaja kuona kuna nini. Daftari lako!

Wewe uliniacha mbele ya watu, kwa hiyo nami nakujibu mbele ya watu. Barua hii sikuifunga. Zuhura nimempa ruhusa aisome kwa yeyote mwenye nafasi ya kusikiliza.

Unakumbuka kitabu kilivyonifikia? Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na mwalimu mgeni aliyetufundisha Kiingereza, siku ya kuondoka kwake, akaniachia kitabu kinene chenye picha nyeusi na nyeupe, historia ya studio hiyo tangu kuanzishwa. Mwezi ule ule wazee wako walileta posa kwetu, pete na doti ya kanga, na nyumba nzima ikapiga vigelegele. Wakati huo wewe ulikuwa mtu mkubwa hapa kijijini. Ulikuwa na banda lako la video nyuma ya soko, mabati matupu, spika mbili na kipaza sauti, ukiwatafsiria watu filamu hapo hapo zikienda. Watu walikuja kutoka Pujini kwa miguu kukusikiliza. Walisema, "Seif anakijua Kiingereza kama kakinyonya." Mimi na wewe tu ndio tuliojua kwamba Kiingereza chako kiliishia kwenye salamu na majina ya bunduki. Yaliyobaki uliyabuni. Wamarekani wako wote walipeana shikamoo. Majambazi wako waliapa, "Wallahi sikuiba mie!" Mzungu mmoja aliyekuwa akifa jangwani ulimfanya aombe uji wa mtama. Nilikupenda kwa hayo, sitaki kusema uongo. Nilikupenda sana.

Kisha ukakiona kitabu barazani kwetu, ukaweka kidole kwenye jalada. "Maryam, alama hii si ndiyo inayotokea filamu ikianza?"

"Ndiyo hiyo. Kitabu kizima kinaisimulia studio yake."

"Kinasema nini?"

Hapo ndipo tulipoanza. Kila siku baada ya Alasiri ulikuja barazani, bibi yangu akakaa katikati yetu na tasbihi yake, mimi nikasoma Kiingereza na kuandika Kiswahili kwenye daftari la mraba, na wewe ukayashika maneno yangu kwa moyo. Jioni alama ilipotokea tu uliisimamisha filamu, ukaanza kuwasimulia watu. Nami nilikaa nyuma ya pazia la wanawake nikisikia maneno yangu yakitoka kwenye spika kwa sauti yako, nikaona tumeshaoana.

Ilikuwa hadithi tamu, lazima nikiri. Ndugu wawili waliouza vifungo vya nguo wakanunua chumba kimoja cha sinema, na wateja wao wa mwanzo wakaja na viti vyao kutoka nyumbani, kama wateja wako walivyokuja na mikeka yao. Wakahamia upande wenye jua jingi, wakanunua shamba la michungwa, wakajenga humo mitaa ya uongo, nyumba zenye mbele bila nyuma. Filamu zikaanza kusema. Wakawa na majumba ya sinema nchi nzima, mpaka mahakama ikawaamuru wayauze. Televisheni ikawanyang'anya watazamaji, wakauza viwanja, wakauza hata nguo za waigizaji. Kisha mdogo mtu akauza hisa bila kumwambia kaka yake, na studio ikaunganishwa na kampuni kubwa kuliko yenyewe. Hapo mimi niliandika kwamba kampuni mbili zimeoana, na Mzee Faki akasimama katikati ya banda akakuuliza, "Yakhe, nani kamuoa mwenziwe hapo? Na mahari katoa nani?" Ukalijia pazia kwa hatua za haraka, ukanong'ona, "Maryam, nimwambie nini?" Nikakunong'oneza, "Mwambie mkubwa ndiye aliyeoa, na mdogo akapoteza jina lake." Ukarudi ukawaambia, na watu wakakupigia makofi.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Kila mwaka karafuu zilipoanikwa mama aliniuliza, nami nikakuuliza wewe, nawe ukasema mwakani. Mwaka wa tatu ulisema mwakani. Mwaka wa tano shoga zangu wote walikuwa na watoto, na wewe ukasema mwakani huku ukinitaka nimalize sura ya filamu za rangi. Bibi yangu alifariki akiwa bado anatukalia katikati.

Sasa nakuja kwenye ile sikukuu. Asubuhi, watu wanatoka kuswali Idi, ulikuja na kanzu mpya na ukakifungua kitabu kwenye picha ya mwanamke mwenye gauni jeupe, amekaa peke yake juu ya ngazi. "Huyu nani?" Nikakwambia ni mwigizaji aliyefungwa mkataba wa miaka saba. Studio ndiyo iliyochagua jina lake, ikamnyoosha meno, na kila mwaka yenyewe ndiyo iliyoamua kama itaendelea naye au la. Yeye hakuwa na haki ya kuamua. Mwaka wa saba wakamtazama kwenye kioo kikubwa cha sinema, wakasema uso umechoka. Ukaniambia, "Niandikie huyo, Maryam. Mwandike vizuri, watu wamwonee huruma." Nikaandika. Kurasa mbili na nusu, na machozi yangu yakadondokea wino kwa kumlilia mwanamke nisiyemjua. Mkono wangu mwenyewe, Seif. Ulisimama juu yangu ukaniangalia nikiandika.

Alasiri banda lilijaa mpaka mlangoni. Ukayasema maneno yale yote, neno kwa neno, na kwa kweli hujawahi kuyasema vizuri kama siku ile. Nyuma ya pazia wanawake walifuta macho kwa ncha za kanga. Kisha ukasema, "Jamani, na studio yangu nayo ina nyota wake. Yuko hapo nyuma ya pazia. Ametumikia miaka saba. Leo mkataba wake umekwisha."

Watu wakacheka. Mama alikuwa kando yangu, naye akacheka, maskini, alidhani ni utani wa sikukuu. Alicheka mpaka uliposema, "Pete na kanga abaki navyo. Hiyo zawadi ya studio." Hapo mkono wake ukaniganda kwenye goti. Watu wengine waliendelea kucheka, kwa sababu ulikuwa umewazoesha kucheka.

Kisha umeme ukakatika. Banda la mabati lisilo na dirisha, giza tupu, watu wakaanza kupiga kelele kama kawaida yetu umeme ukizimika, na mimi nikatoka nimeshikwa mkono na mama, hakuna aliyeuona uso wangu. Wiki ile ile ukapanda meli.

Nilimshukuru Mungu kwa giza lile muda wote huu. Nilidhani limetoka Kwake tu. Siku ya kwanza ya fungate, Khamis akiwa ameshika kikombe cha chai, akaniambia kwa aibu, "Maryam, kuna jambo sijakwambia. Siku ile mie nilikuwa nje natengeneza waya wa spika." Nikamwuliza, "Basi?" Akasema, "Basi nikaukata mwingine." Alikuwa na koleo mkononi, akaukata waya wa umeme wa banda. Hakujua kama nitamtazama hata siku moja, hakutaka shukrani, alitaka tu nitoke bila kutazamwa. Seif, unaelewa nimeolewa na mtu wa namna gani? Wewe ulikuwa na spika mbili. Yeye alikuwa na koleo.

Alinioa miezi minne baada ya kuleta posa. Hakusema mwakani hata mara moja. Na banda lako sasa ndilo karakana yake, anatengenezea feni na pasi. Pazia la wanawake nimelishona upya, ndilo pazia la dirisha hili hapa. Linapendeza sana jua likilipiga.

Sasa kuhusu daftari. Jioni ya kuamkia harusi wanawake walikaanga karanga kwa ajili ya wageni, wakakosa karatasi za kukunjia vifuko. Mama akaniuliza kama nina madaftari ya zamani. Nikampa. Nilikaa nao nikakunja kwa mikono yangu, na hina ilikuwa bado haijakauka vizuri, kwa hiyo kurasa nyingine zilipata alama za vidole vyangu. Ndugu wauza vifungo walikwenda na karanga. Filamu za rangi zilikwenda na karanga. Mwanamke wa gauni jeupe nilimweka kando, nikamkunja wa mwisho, nikampelekea mama yako mzazi kwa heshima zote, maana alikuja harusini, na alilia kuliko mama yangu. Alimaliza karanga zake, akafuta midomo kwa karatasi, akaniambia, "Mwanangu, mwanangu kakupoteza." Nikambusu mkono. Mama yako sina neno naye.

Kwa hiyo daftari hakuna. Lakini sitaki uwaambie watu wa redio kwamba Maryam ana roho mbaya wiki ya harusi yake. Nakutumia kitabu. Zuhura atakibeba pamoja na barua hii, kimefungwa kwenye kanga yako ile ya posa, na pete iko ndani ya jalada. Kitabu kizima, hakikuchanwa hata ukurasa mmoja. Kila ulichowahi kusimulia kimo humo. Umewaambia umefanya utafiti miaka saba, basi kifungue tu uwasomee. Kiko kwa Kiingereza, lugha ambayo Pemba nzima inajua kwamba unaijua, isipokuwa watakaokuwa wamesomewa barua hii.

Jambo moja zaidi, kwa sababu najua ulivyokuwa ukiipenda hadithi ile kwa dhati, na hilo ni la kweli kukuhusu. Kuna sura ya mwisho. Hatukuifikia, ulinifuta kazi kabla. Inaeleza kaka mtu alifanywa nini baada ya studio kuuzwa bila ridhaa yake, siku aliyorudi akiwa mzee kutaka kuingia kwenye geti alilolijenga mwenyewe, na mlinzi akamsimamisha. Nimemsomea Khamis juzi, hapa kitandani. Unamjua Khamis na filamu, alama ikitokea tu yeye anasinzia. Safari hii hakusinzia. Alisikiliza mpaka mstari wa mwisho, akavua miwani, akasema, "Maskini. Na mlinzi yule alimjibu hivyo kweli?"

Mlinzi alimjibu nini, sitakwambia. Ni maneno manne tu ya Kiingereza. Yako ukurasa wa mwisho, chini kabisa, upande wa kushoto. Utayatazama kila Ijumaa.

Ananiita sasa, samaki yuko tayari. Anasema hakubakiza hata mwiba mmoja, amehesabu kwa vidole. Nakutakia kipindi chema, na ukinitaja hewani, nitaje kwa jina langu la sasa.

Wako wa miaka ile, wake wa siku zote,
Maryam, mke wa Khamis