Tulivyotembezwa Naksos

Kigongo,
14 Agosti 1996.

Kaka Nestory,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Wifi Evelina hajambo? Watoto wanasoma? Huku tunaamka, ila Mama magoti yanamuuma, na ngedere wamerudi kwenye mihogo.

Najua unangoja habari za Ulaya. Shemeji yako Venant aliitangaza ile safari Mwanza nzima; hata muuza mkaa wetu wa Buhongwa alijua siku ya kuondoka. Bwana Stavro, yule Mgiriki anayenunua minofu ya sangara kwenye kiwanda anachofanyia kazi Venant, alitualika wiki mbili kwao, katika kisiwa kinachoitwa Naksos.

Kaka, watu wazima wenye akili zao wanapanda ndege kwenda kulala mchangani tangu asubuhi, wakijichoma jua mgongo, wakichoka wanageuka upande wa pili kama samaki wa kubanika. Venant naye akavua shati, eti ndiyo likizo. Mtu wa Sengerema, ambaye jua limemchoma bure miaka arobaini!

Siku ya tano Bwana Stavro akasema kukaa pwani tu ni kupoteza safari, atatupeleka ndani tukakione kisiwa chenyewe. Kwanza tukaonyeshwa hekalu la kale: mlango mmoja mkubwa wa mawe, nyumba yenyewe haipo. Kisha gari likapanda milima, barabara imejikunja kama utumbo wa mbuzi, mpaka kwenye jitu la marumaru lililolala chali bustanini kwa watu. Tukaambiwa wahenga wao walilichonga, likavunjika mguu kabla halijasimamishwa, wakaliacha hapo hapo. Venant alilizunguka akitikisa kichwa kama profesa, na kila alichoambiwa alijibu kwamba alikwisha kukisoma. Huyu ambaye hata gazeti analisoma kurasa za mpira tu! Akataka nimpige picha amekaa juu ya tumbo la lile jitu. Nikampiga, nikamkata kichwa makusudi.

Chakula cha mchana tulikula katika kijiji cha juu, meza ziko nje, jibini na nyama ya mbuzi. Hapo Bwana Stavro akatoa picha mfukoni. Ilikuwa ya ufuko wetu wa hapa Kigongo, Kaka. Miamba yetu, mitumbwi, na Mama amesimama mbele ya nyumba akianua nguo. Akaniuliza kwa upole kabisa kama yule bibi anayelinda kiwanja atapatiwa kazi nyingine wakishajenga kiwanda cha barafu.

Venant akaniwahi. Akasema, "Yule ni kibarua tu. Tutamwondoa."

Nilimtazama yule mwanamume, mafuta ya zeituni yanamtiririka kidevuni, na hakupepesa hata kope. Nimewahi kuwadharau watu, Kaka, wewe unanijua ulimi wangu, lakini sijawahi kumdharau kiumbe namna ile. Hata hivyo niliendelea kutafuna.

Kesho yake asubuhi nilimfuata Bwana Stavro kwenye kahawa yake nikamwambia yule bibi ndiye mwenye ardhi, na ndiye aliyenizaa. Akaniuliza, kama ni hivyo, kidole kilichotiwa kwenye hati ya mauzo ni cha nani.

Kaka, keti kabla hujaendelea. Kidole ni cha Mama, na mkono uliokishika ni wangu. Mwezi wa pili nilimwambia ni karatasi ya kuombea umeme. Nilijua ni ya kuuza. Venant alikuwa ameniahidi duka la vitenge Makoroboi, nami niliyesomeshwa kwa ng'ombe wa Mama hadi kidato cha nne nikamdanganya kwa sababu hajui kusoma. Kwa hiyo dharau yote niliyoimwaga humu usimwachie Venant peke yake. Mimi ndiye mwenye fungu kubwa.

Bwana Stavro amejitoa katika ununuzi, lakini hati anayo Venant, na anasema wanunuzi siku hizi ni wengi. Nimemwacha Buhongwa. Nilikuja hapa juzi na begi langu nikamweleza Mama kila kitu. Hakunipiga wala hakulia. Aliendelea kuchambua dagaa mpaka ungo ukaisha, ndipo akasema, "Uongo ulinisomea tukiwa wawili. Ukweli utanisomea mbele ya watu."

Mkutano wa kijiji ni Jumamosi tarehe 31. Nitasimama niseme nilichofanya, Mama akane ile hati mbele ya mwenyekiti na majirani. Anataka uwepo. Tafadhali panda treni mapema.

Msalimie wifi na watoto, na majirani wanaonikumbuka. Mama anakusalimu sana. Salamu zangu mimi sithubutu kukutumia. Utaamua mwenyewe kama utazipokea, ukishaniona uso kwa uso.

Mdogo wako,
Selina