Sikuliangusha Gitaa Lako

Kaka,

Mama jirani anasema aliniona dirishani nikifagia, gitaa lako likaanguka puu, nami nikaliegemeza ukutani kama sijui kitu; eti ndiyo maana sasa halilii sawasawa. Ukamwamini hapo hapo. Ukanisema mbele ya Baba: "Huyu aliyeishia darasa la saba, atajua nini habari za waya?"

Haya. Ulipokwenda kunyoa nililichomeka kwenye spika, nikazigonga kwa bisibisi zile sumaku mbili za chini ya nyuzi, zinazonasa sauti. Moja ikajibu ko ko, ya pili bubu. Basi kebo ni nzima. Nikafungua kifuniko cha nyuma. Waya wa ile bubu umesokoteka kama kamba, umeng'oka kwenye kitufe cha sauti. Kuanguka hakusokoti waya, kaka. Nati ya kitufe ililegea, na wewe kila siku unakizungusha kwa nguvu mpaka kinazunguka chote pamoja na waya wa huko ndani. Nilikuwa nakuona. Nilikwambia mara mbili, ukanicheka.

Nimeuunga kwa lehemu, nati nimeikaza. Kitufe kikifika mwisho, kiache. Jioni ukilipiga mbele ya watu wako, litalia.

~~Chai jipikie.~~ Chai iko kwenye chupa.

Mimi nimewahi kazini kwa fundi redio. Nimemwamkia Baba asubuhi, hakuitikia. Hajawahi kunifanyia hivyo. Yuko uani, anakarabati kiti. Kabla hujabeba gitaa kuondoka, utamwambia ni nani aliyeung'oa ule waya?

Mdogo wako