Pumu Ambayo Hukuwahi Kuugua

Mdogo wangu Lusajo,

Simu yako haipatikani tangu uondoke, kwa hiyo nakuandikia gazetini. Nakujua: hata karatasi iliyofungiwa maandazi huitupi kabla ya kuisoma.

Juzi nilipanda kile kilima cha Kisondela peke yangu. Nilisimama mara tatu kuvuta pumzi. Wewe ulikipanda mbio, mvua ikinyesha, mkungu wa ndizi begani, kisha ukanisubiri juu ukicheka: "Dada mwandishi, wewe jeshi lingekukataa getini!" Sikuwahi kukusikia ukikohoa. Ushahidi wote huo nilikuwa nao.

Siku tulipojaza fomu ya chuo cha jeshi, kwa mama kule Kyimo, swali la magonjwa ya utotoni lilikukwamisha. Ulifungua shati ukanionyesha zile chale sita kifuani, ulizochanjwa na bibi ukiwa na miaka mitatu.

"Hizi zilikuwa za nini, dada?"

"Pumu. Andika. Jeshini hawadanganywi."

Bibi alipokuchanja mimi nilikuwa shule ya bweni. Kazini sichapishi habari yenye chanzo kimoja. Siku ile chanzo kilikuwa mimi, ambaye sikuona kitu, na mama alikuwa jikoni, hatua kumi kutoka tulipoketi.

Daktari wa usaili alisoma fomu, akatazama chale, akakutoa kwenye mstari. Hakukosea, ndivyo kigezo chao kinavyosema. Alikueleza pia kwamba unaweza kuomba kufikiriwa kipekee, ukipeleka kipimo cha mapafu na maelezo ya mzazi. Ulirudi ukavua raba mlangoni. "Siendi kuomba huruma, dada. Kama mimi ni mgonjwa, basi." Kesho yake ukapanda basi la Tunduma.

Ndipo nikamuuliza mama. Aliacha kumenya ndizi.

"Pumu gani? Kinga ya kifaduro ile! Bibi yenu aliwachanja watoto wote wa hapa siku moja. Nawe ungekuwepo, ungechanjwa. We mwandishi, mbona hukuniuliza?"

Nilitoa daftari nikayaandika maneno yake.

Chumba chako hapa Makandana nakifagia kila Jumamosi, ingawa hakuna anayekichafua. Raba zako zimekaukiwa na matope mlangoni. Sijazigusa. Napika ndizi za watu wawili, kesho yake nakula kiporo.

Gazetini tukikosea, tunasahihisha. Basi hili ni sahihisho: Lusajo hajawahi kuugua pumu. Aliyesema hivyo ni dada yake, na hakuuliza.

Umri wako unaruhusu kuomba mara moja tena. Mama ameshaweka dole gumba kwenye maelezo yake, na bahasha iko juu ya kabati. Kilichobaki ni kipimo cha mapafu, na hicho siwezi kukupulizia.

Mimi niliyekuandikisha ugonjwa,
dada yako