Kitako Ulichoondoka Nacho

Baba,

Shikamoo. Mama amenifundisha kwamba salamu hainyimwi mtu, basi hiyo nimeshakupa. Yanayofuata ni yangu mwenyewe.

Unaikumbuka ile kamera ndogo ya dijitali uliyokuja nayo Mjimwema, ya mtumba, ya kubonyeza tu? Ilikuwa na kitako chake cha plastiki chenye waya wa umeme, na wewe ulikipenda kitako kuliko kamera. Ulikiweka juu ya kabati, juu ya kitambaa alichofuma mama, na kila jioni uliikalisha kamera pale kama askofu kwenye kiti chake. Taa za kijani zikianza kuwaka moja baada ya nyingine, ulitunyamazisha sote.

"Msiguse! Picha zinashuka."

Wageni waliitwa waje waone picha zikishuka. Daudi, mdogo wangu, alizipenda zile taa, na kila aliponyoosha mkono ulimchapa vidole.

Picha hazikushuka, baba. Kamera ilikuwa inachaji. Kitako kile hakina mahali pa kuweka hata picha moja. Kazi ya kuhamisha picha kinaifanya kikiunganishwa na kompyuta, na kompyuta hukuwahi kuwa nayo. Lakini hukuwa mtu wa kuuliza. Kamera ilipojaa ikakataa kupiga, ulitangaza kwamba imekufa.

Kisha Daudi akafariki kwa malaria, nawe hukukawia kupata nyumba nyingine Mbeya. Siku unafungasha, mama alikuomba kitu kimoja tu.

"Baba Agnes, niachie picha za mtoto."

Ulichomoa kitako, ukakizungushia shati. "Picha za mwanangu nakwenda nazo. Wewe baki na hilo kopo."

Kopo lilikuwa kamera. Mama hakuwa na picha nyingine ya Daudi. Alikuamini, nami nilikuamini, tukaishi miaka yote hii tukidhani uso wake ulipanda basi pamoja nawe.

Likizo hii nilifungua kifuniko cha chini cha lile kopo. Ndani kumechorwa betri mbili ndogo, kama za tochi. Nikanunua mbili dukani Msamala, nikazipachika, kioo kikawaka.

Kwanza nilikukuta wewe. Wewe na pikipiki ya watu. Wewe umeegemea friji ya jirani. Wewe na miwani ya jua, sebuleni. Nilibonyeza nikikupita, nikikupita, nikaanza kuogopa kwamba hukuwahi kumpiga picha mtu mwingine. Halafu huyu hapa Daudi, kibarazani, uji kidevuni, anacheka.

Mama aliishika kamera kwa mikono miwili. "Kumbe kishimo kiko shavu la kushoto," alisema. "Nilishaanza kukosea."

Hilo ndilo ninalotaka ulijue. Mama alikuwa anaanza kukosea shavu la mwanaye kwa sababu wewe uliona aibu kumwuliza mtu taa zile ni za nini. Nimetafuta neno la adabu la kumwita baba wa namna hiyo, na shuleni hawajanifundisha.

Tulikwenda mjini kusafisha picha. Mama aliagiza mbili.

"Ya pili ya nani?" nikamwuliza.

"Ya baba yenu."

"Mama! Yeye si ana kitako chake?"

Alicheka mpaka fundi wa picha akageuka kututazama. Kisha akafuta macho. "Acha, Agnes. Naye atakuwa anasahau."

Basi picha yako ipo, ndani ya bahasha. Mama alitaka niitume kwa basi, nikakataa. Njoo uichukue kwa mkono wako, na kabla hujaketi umwambie mama, nikiwa nasikia, kwamba hukuwa na picha yoyote ulipoondoka. Ukishasema hivyo tu, chai nitakupikia mimi.

Mwanao aliyebaki,
Songea