Ramani Isiyosema Waende Wapi

Dada Mwajuma, salamu za baridi kutoka Kasulu!

Mvua hainyamazi, ila ugali wa muhogo na maharage ya mawese vimenisahaulisha hata samaki wetu wa migebuka wa Ujiji. Ile kompyuta niliyojifunza mwenyewe huku mkinicheka, sasa ndiyo inachora ramani. Naingiza miinuko, udongo na mvua, nayo inapaka nyekundu pale ambapo mlima unaweza kuporomoka.

Jana tuliipeleka ramani kijijini. Kaya kumi na nne zimo kwenye nyekundu, na mkuu wetu wa ofisi akawaambia wahame. Bibi Scholastika, mmoja wa wenye kaya hizo, akamuuliza, "Wakati wa vijiji vya ujamaa mlitumwaga hapa na lori. Leo mnatutoa. Twende wapi, mwanangu?" Mkuu akasema hilo si la ramani.

Si la ramani? Na sisi si tulibebwa vilevile, mama akilia juu ya magunia?

Asubuhi nimewasha jenereta, nikaiambia mashine ipake kijani ardhi salama inayotosha nyumba kumi na nne. Imepaka sehemu moja tu, ule uwanja wanapotaka kujenga nyumba ya wageni ya wakubwa! Mkuu kafoka, "Futa! Wewe ni mpiga chapa tu." Nimemwambia afute mwenyewe, kama anajua inapowashiwa.

Nimeshaichapa. Kesho naibandika kwenye mkutano wa kijiji, Bibi Scholastika aione. Wakinifukuza kazi, niwekee sahani, nitakuja bila aibu yoyote. Wabusu wanangu wote hapo, na Mungu akupunguzie maumivu ya mgongo.

Mdogo wako mbishi,
Zainabu